Kidhibiti cha Mchezo Kiundwe Pwani

Katika miji mingi ya Tanzania, na miji ya pwani ya kusini ikiwamo, kibanda cha michezo ya video kimekuwa sehemu ya maisha ya vijana. Wazazi hulalamika kwamba kibanda hicho hula wakati wa masomo, na vijana hujibu kwamba ndicho kiburudisho walichonacho. Mabishano hayo yote huhusu picha zinazoonekana kwenye skrini. Ni nadra mtu kukitazama kifaa kilichomo mikononi mwa mchezaji, yaani kidhibiti, ambacho vijana wenyewe hukiita pedi. Kifaa hicho ndicho kinachopokea nia ya mtu na kuigeuza kuwa umeme unaoeleweka na mashine. Kinapoharibika hufunguliwa kwa bisibisi, hufutwa kwa spiriti na kufungwa tena. Kikishindikana hutupwa jalalani, na kingine kama hicho hununuliwa kutoka nje.

Watu wa Kilwa na wa mkoa mzima wa Lindi wana sababu ya pekee ya kuliangalia jambo hili. Misitu ya Kilwa hutoa mpingo, ambao ndio mti wa taifa, nao huuzwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea klarineti na vyombo vingine vya kupuliza. Korosho za Lindi na Mtwara kwa sehemu kubwa husafirishwa zikiwa ghafi, pamoja na maganda yake. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004 ili kuzalisha umeme. Pwani hii, basi, hutoa mti, korosho na nishati, nayo hupokea vifaa vilivyokwisha kukamilika. Kidhibiti cha mchezo ni kitu kidogo, lakini ni mahali panapofaa pa kuanza kuugeuza mwendo huo. Chaweza kubuniwa na kuundwa na seremala, fundi wa redio na mwanafunzi walioketi meza moja. Na yeyote atakayekiunda kwa mikono yake atakuwa amepitia sehemu kubwa ya misingi ya elektroniki ya kisasa.

Asili yake ni karakana

Wengi hudhani kwamba kifaa cha namna hii hakiwezi kutoka mahali pengine ila kiwandani. Historia yasema vingine. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, wa maabara ya Brookhaven huko Marekani, alitengeneza mchezo wa tenisi uliochezwa kwenye kioo cha chombo cha kupimia mawimbi ya umeme. Kila mchezaji alishika kisanduku kilichokuwa na kifundo cha kuzungusha na kitufe kimoja tu.

Mfano wa mwaka 1962 una mafunzo zaidi. Katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake waliandika programu ya mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, ulioitwa Spacewar!, kwa ajili ya kompyuta ya aina ya PDP-1. Hapo mwanzo wachezaji walitumia swichi zilizokuwa kwenye ubao wa kompyuta yenyewe. Viwiko viliwauma, na aliyeketi upande mmoja aliiona skrini vizuri kuliko mwenzake. Ndipo Alan Kotok na Robert Saunders walipokusanya mbao, waya na swichi kutoka katika akiba ya klabu ya chuo ya treni ndogo za kuchezea, wakaunda visanduku viwili vya kushika mkononi. Swichi moja ilikuwa ya kugeuza chombo kushoto na kulia, nyingine ya kukisukuma mbele, na kitufe kilikuwa cha kurushia makombora. Kitufe hicho kiliundwa kisitoe sauti, ili mpinzani asijue kwamba mwenzake amejaribu kupiga.

Kisa hicho kina mambo yote ya usanifu wa kweli. Kwanza palikuwapo maumivu ya mwili na malalamiko ya kutotendewa haki. Pili, mafundi walitumia vitu vilivyokuwa karibu. Tatu, waliufikiria mchezo wenyewe mpaka wakatambua kwamba hata mlio wa kitufe una maana. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingemshinda fundi wa Kilwa Kivinje. Viwanda vikubwa vilikuja baadaye. Kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho sasa kimo katika pedi karibu zote, kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa kampuni ya Nintendo na kutumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kidhibiti chochote, kiwe cha bei kubwa au cha mbao, kina sehemu tatu: vitufe na vijiti vinavyoguswa na mchezaji, kichakataji kidogo kinachovisoma, na njia ya kupeleka habari kwenye mashine ya mchezo.

Kitufe ni swichi ya kawaida. Waya mmoja unaoingia katika kichakataji hushikiliwa kwenye volti 5 kwa kupitia rezista. Kitufe kinapobonyezwa, waya huo huunganishwa na upande hasi wa sakiti, na volti zake hushuka hadi sifuri. Kichakataji huuliza kila waya mara nyingi kwa sekunde moja: je, kuna volti au hakuna? Jibu ni ndiyo au siyo, na hiyo ndiyo lugha pekee ya kompyuta. Rezista ikiwa ya omu 10,000, umeme unaopita kitufe kinapobonyezwa ni volti 5 zilizogawanywa kwa omu 10,000, yaani nusu ya miliampia. Umeme huo ni mdogo mno hata hauwezi kumdhuru mtoto, na kichakataji chenyewe chaweza kuendeshwa kwa waya wa USB bila kuhitaji betri.

Hapo mwanafunzi hukutana na mshangao wake wa kwanza. Akibonyeza kitufe mara moja, programu yaweza kuhesabu mara tatu au nne. Sababu ni kwamba vipande viwili vya chuma vinapogongana havitulii papo hapo. Hurukaruka kwa muda wa milisekunde chache, kama kete iliyotupwa kwa nguvu ndani ya shimo la bao. Dawa yake ni kuiandika programu ili isubiri kama milisekunde 5 hadi 10 kabla ya kuliamini jibu. Somo hilo la kutofautisha tukio lenyewe na kelele zake humfaa pia mpimaji wa mvua, wa tetemeko na wa mapigo ya moyo.

Vitufe vikiwa vingi, waya huwa tatizo. Kupeleka waya mmoja kwa kila kitufe kati ya vitufe 16 ni kazi ya kuchosha, na vichakataji vingi vidogo havina nafasi za kutosha. Vitufe hivyo vikipangwa katika safu 4 za kulala na safu 4 za kusimama, waya 8 zatosha, kwa kuwa kila kitufe hutambulika kwa makutano ya safu zake mbili, kama nyumba inavyotambulika kwa njia panda iliyo karibu nayo. Hata hivyo, vitufe vitatu vya pembe tatu za mraba vikibonyezwa pamoja, kichakataji huona kana kwamba pembe ya nne nayo imebonyezwa. Diodi, ambayo huruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, ikiwekwa kwa kila kitufe huondoa udanganyifu huo.

Kijiti cha kuelekezea ni jambo la namna nyingine, kwani mchezaji hutaka kusema "kidogo" na "zaidi". Chini ya vijiti vingi vya kawaida mna vifaa viwili vya aina ile ambayo mafundi wa redio huiita volyumu. Kijiti kinapoinamishwa, volti hupanda au kushuka, na kichakataji huzipima na kuzigeuza kuwa namba. Kichakataji chenye kipimo cha biti 10 hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023. Kijiti kikiwa kimesimama wima, namba huwa karibu na 512. Kadiri siku zinavyopita, utando wa kaboni unaosuguliwa ndani yake hulika, na kijiti kilichoachwa wima huonyesha namba nyingine. Hapo mchezaji wa kwenye skrini huanza kutembea peke yake, na mteja wa kibanda hudhani kwamba mashine imeingiliwa na shetani. Vijiti vinavyotumia sumaku na kipima sumaku havina sehemu inayosuguliwa kwa ajili ya kipimo, kwa hiyo ugonjwa huo huvipata kwa nadra.

Yote hayo yaweza kuendeshwa na kichakataji kidogo kilicho juu ya bodi ya ukubwa wa kiganja au chini yake. Mradi wa Arduino, ulioanzishwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, uliweka michoro ya bodi za namna hiyo wazi kwa watu wote, na baadhi ya bodi zake huweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi au kidhibiti cha mchezo. Mashine za michezo zenyewe huwa na mlango mgumu zaidi, kwani nyingi hukataa kifaa kisichotambuliwa na kampuni iliyoziunda. Lakini fundi ana njia ya kupita. Katika pedi nyingi zinazotupwa, kilichokufa ni mpira wa vitufe au kijiti, ilhali bodi bado ni nzima. Waya zikilehemiwa kwenye sehemu za bodi hiyo ambapo vitufe vya zamani viligusa, bodi hupata vitufe vipya na umbo jipya, na mashine huendelea kuitambua kama kawaida. Kwa njia hiyo jalala la kibanda huwa ghala la vipuri.

Adui wa pwani

Pedi za dukani hubuniwa kwa ajili ya wateja wa dunia nzima, wala haziundwi kwa kufikiria nyumba iliyo mita mia moja kutoka baharini. Hewa ya pwani hubeba chumvi na unyevu. Chumvi ikitua juu ya bodi hunyonya maji ya hewani na kufanya utando mwembamba unaopitisha umeme. Shaba huota kutu ya kijani, na palipokutana metali mbili tofauti, moja hulika haraka kwa sababu ya umeme unaozaliwa baina yake.

Hesabu ndogo yaonyesha jinsi utando huo unavyoharibu mchezo, na jinsi mbunifu wa pwani awezavyo kuukabili. Tuseme unyevu umeacha njia ya omu 10,000 kati ya waya wa kitufe na upande hasi. Ikiwa rezista inayoshikilia waya nayo ni ya omu 10,000, volti zitagawanyika sawasawa, na kichakataji kitaona volti 2.5, ambazo si ndiyo wala si siyo. Rezista ikibadilishwa ikawa ya omu 2,200, volti hubaki karibu 4.1, na kichakataji husoma bila mashaka. Gharama yake ni umeme wa miliampia 2.3 badala ya nusu miliampia kila kitufe kinapobonyezwa, jambo ambalo ni dogo sana kwa kidhibiti cha waya. Badiliko hilo la rezista moja halitapatikana katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi kavu na baridi. Litapatikana kwa mtu anayeishi na chumvi.

Njia ya pili ni kuizuia chumvi isiingie, na hapo pwani ina walimu wa siku nyingi. Waundaji wa majahazi wanajua kwamba chombo hakizuiwi maji na mbao peke yake. Pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika kila mwanya, na kazi hiyo ya kalafati humhitaji mtu mwenye subira. Bodi ya sakiti nayo yahitaji kalafati yake: kuoshwa kwa spiriti baada ya kulehemu, kukaushwa vizuri, kupakwa vanishi ya umeme kila mahali isipokuwa kwenye miguso, na kuzibwa mahali waya unapotokea. Zaidi ya hayo, ziko swichi ambazo miguso yake imefungiwa ndani ya kioo na huendeshwa na sumaku kutoka nje. Sumaku ikipachikwa chini ya kitufe cha mbao na swichi ya kioo ikawekwa chini yake, chumvi hubaki nje hata kisanduku kikipata ufa.

Hapa pia korosho yastahili kutajwa. Vibao vya juu vya visanduku vya mwaka 1962 vilikuwa vya bakelaiti, plastiki ngumu isiyopitisha umeme iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907 kutokana na kemikali ya fenoli. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho yana kemikali za jamii hiyo hiyo ya fenoli, na ndiyo sababu huunguza ngozi ya mbanguaji asiyejikinga. Viwanda hutengeneza kwa mafuta hayo gundi ngumu, rangi, vanishi na vitambaa vya breki. Korosho inaposafirishwa na ganda lake, mafuta hayo nayo huondoka. Kuyasafisha ni kazi ya maabara na ya kiwanda, wala isijaribiwe jikoni. Lakini mkoa unaohitaji vanishi ya kuzuia chumvi una haki ya kujua kwamba malighafi yake hupita bandarini kila msimu.

Umbo lifuate kiganja

Fundi seremala anapomtengenezea mtu mpini wa tezo, humwangalia mwenye kuutumia. Mpini mnene huchosha vidole, na mpini mwembamba huzunguka kiganjani. Kidhibiti ni mpini wa namna hiyo. Kile cha dukani kimepimwa kwa mkono wa wastani, na mtoto wa miaka minane hulazimika kunyoosha kidole gumba mpaka kifikie kijiti.

Kazi ya kubuni huanza bila umeme wowote. Mchezaji hupewa donge la udongo wa mfinyanzi alikamate kama anavyokamata pedi, na alama za vidole vyake huwa ndiyo ramani. Umbali kutoka kifundo cha kidole gumba hadi ncha yake hupimwa, na vitufe hupangwa katika tao ambalo kidole hulichora chenyewe kinapopepea. Kisha hukatwa kisanduku cha boksi gumu, mchezaji hukishika kwa nusu saa, naye huulizwa mahali panapomuuma. Ni baada ya hapo tu ambapo msumeno huguswa.

Katika uchaguzi wa mti, shauku ya kutumia mpingo yafaa izuiwe kwa hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa takriban gramu 1.2, na ndiyo maana gogo lake huzama majini. Pedi za viwandani kwa kawaida huwa na gramu 200 hadi 300. Kisanduku kilichotumia sentimita 200 za ujazo za mpingo kingekuwa na gramu 240 kabla ya kuwekwa waya wala swichi. Mninga, ambao huwa na takriban nusu ya uzito huo na haujikunji sana unapokauka, unafaa zaidi kwa mwili wa kidhibiti. Mpingo uachiwe kazi ya vitufe, kwani hauliki upesi, hung'aa kwa kuguswa na hauhitaji rangi. Kitufe hakihitaji gogo. Vipande vilivyobaki kwa wachongaji vyatosha.

Uangalifu huo una sababu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji mwema, ikawa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kukipata. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo imekuwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Kijiji kinachotunza mti kwa muda wa maisha ya mtu mzima kingenufaika zaidi kama kila kipande chake kingepitia mikono mingi ya nyumbani kabla ya kuondoka.

Klarineti yenyewe ni fundisho katika jambo hili. Mfumo wa vibonyezo unaotumika zaidi leo ulibuniwa Ufaransa na Hyacinthe Klosé na Auguste Buffet, ukaonyeshwa Paris mwaka 1839. Klarineti hiyo ina matundu 24, ilhali mpigaji ana vidole kumi, na baadhi ya matundu yako mahali ambapo kidole hakifiki. Vibonyezo 17 na pete 6 vya metali ndivyo vinavyousogeza mkono hadi mahali sauti inapotakiwa kuzaliwa. Hicho nacho ni kidhibiti, kilichobuniwa kwa kuuliza swali lile lile: je, nia ya mtu itafikaje mahali ambapo kidole hakifiki? Mti wa Kilwa umekuwa ukilijibu swali hilo katika kumbi za muziki za dunia. Watu wa Kilwa hawajapata nafasi ya kulijibu wenyewe.

Mchezaji aliyeachwa nje

Hoja yenye uzito kuliko zote yahusu mtu ambaye pedi ya dukani haimfai kabisa. Pedi hiyo hudhani kwamba mchezaji ana mikono miwili, vidole kumi na nguvu za kawaida. Mtoto aliyezaliwa na mkono mmoja, kijana aliyeanguka mnazini akapooza, au mtu ambaye misuli yake hukakamaa bila kutaka, huketi pembeni akitazama wenzake. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa kidhibiti kilichovaliwa kifuani, ambacho kijiti chake kiliendeshwa kwa kidevu na vitufe viliendeshwa kwa kuvuta na kupuliza pumzi katika mrija. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa kidhibiti chenye matundu 19 ya plagi za milimita 3.5, sawa na zile za visikizi vya redio, ili kila mtu achomeke swichi inayomfaa. Sony nayo ilitoa cha kwake mwaka 2023.

Swichi za kuchomeka katika matundu hayo huuzwa kwa bei kubwa zikitoka nje, ingawa ndani yake mna miguso miwili na waya tu. Fundi wa redio wa Lindi anaweza kuunda swichi ya kubonyezwa kwa kiwiko, kwa goti au kwa nyayo kwa kutumia kipande cha mninga, springi na plagi ya kisikizi kilichoharibika. Akiisha kujua kazi hiyo hatabaki kwenye michezo. Swichi ile ile yaweza kuwasha taa, kumwita muuguzi, au kumwezesha mtu asiyeweza kushika kalamu kuandika barua kwa kompyuta. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja haki ya kuishi na kushiriki pamoja na wengine. Haki hiyo huhitaji vifaa, na kifaa cha mtu mwenye ulemavu mara nyingi lazima kipimwe juu ya mwili wake mwenyewe. Kiwanda cha mbali hakiwezi kumpima. Fundi wa jirani anaweza.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema kwamba pedi kutoka nje ni za bei nafuu, na cha kuundwa kwa mkono hakitashindana nazo. Kwa pedi ya kawaida wanasema kweli, na si busara kuanzisha shindano hilo. Faida iko katika vile ambavyo kiwanda hakitengenezi: cha mkono mdogo, cha mkono mmoja, cha kustahimili chumvi, na cha kufufuliwa kutokana na kilichokufa.

Wengine watasema kwamba taifa lenye haja ya maji, dawa na mbolea halipaswi kushughulika na vitu vya kuchezea. Lakini sakiti haijui kama ni ya mchezo. Kitufe, kijiti na kichakataji vilivyoelezwa hapo juu vikibadilishiwa kisanduku huwa kipimo cha kina cha maji kisimani, kengele ya kuonya joto la jokofu la chanjo, au kifaa cha kupimia unyevu wa korosho ghalani. Tofauti ni kwamba kijana aliyechoshwa na somo la rezista ubaoni atalifuatilia hadi usiku wa manane iwapo timu yake ya mpira kwenye skrini inalitegemea. Kuikataa hamu hiyo ni sawa na kuufunga upepo uliokwisha kujaa tangani.

Wengine tena watasema kwamba wataalamu hawapo. Wapo, ila hawajakutanishwa. Seremala anajua mti, mwunda jahazi anajua chumvi, fundi wa redio anajua lehemu, mwalimu wa fizikia anajua kanuni ya Ohm, na mchezaji anajua mahali panapouma. Kila mmoja ana kipande cha elimu ambacho peke yake hakiundi kitu.

La kufanya

Yafaa chuo cha ufundi stadi cha VETA kilichopo Lindi, pamoja na shule za sekondari za Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi mjini, zitenge meza moja ya kazi hii. Mwanzo hauhitaji fedha nyingi: bodi chache za kichakataji, chuma cha kulehemia, kipimo cha umeme, na sanduku la pedi mbovu zilizokusanywa vibandani. Kazi ya muhula wa kwanza iwe kufufua. Ya muhula wa pili iwe kuunda kidhibiti kizima cha mninga kwa ajili ya mkono uliopimwa. Ya muhula wa tatu, ambayo isiachwe kwa kisingizio chochote, iwe kumtafuta mtu mmoja mwenye ulemavu, kumsikiliza, na kumwundia kifaa chake. Michoro na makosa yote viandikwe kwa Kiswahili, ili shule ya Mafia au ya Pangani isilazimike kuanza upya.

Kilwa iliwahi kuwa mji ambao sultani alifua sarafu zake za shaba, zikatumika katika biashara ya pwani hii. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya hapa. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lililobaki ni kwamba achezaye kwao ashike pia kilichoundwa kwao, na kikiharibika ajue mlango wa aliyekiunda.